Vifuniko Vyekundu vya Nyabiondo

Sanduku langu halikupekuliwa mara mbili na mtu yule yule. Nawaambia hilo kwanza, nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuzunguka vilimani na maswali ya afya, ili mjue kwamba hata sisi tulikuwa na ulinzi wetu. Miaka ile ya vita, njia ya kutoka Nyabiondo kwenda Masisi ilikuwa na baryere nyingi, yaani vizuizi vya barabarani, na kila baryere ilikuwa na kamba, bunduki na mtu mwenye njaa. Siku moja tuliposimamishwa, mwenye bunduki aliangalia sanduku nililolifunga nyuma ya pikipiki.

"Dada, fungua ile kasanduku. Iko na nini ndani?"

"Makohozi."

"Makohozi ya nani?"

"Ya batu kumi na mbili. Ile ya juu wametoa leo asubuhi. Nifungue?"

Alirudi nyuma hatua tatu akafunika mdomo kwa kofia yake. "Pita! Pita mbio! We ni muntu wa namna gani, unabeba makohozi kama mayai?"

Motari wangu, mwendesha pikipiki, alicheka mpaka tukakaribia kuingia mtaroni. Lakini yule askari alisema kweli. Makohozi ya maabara hubebwa kama mayai: wima, yasipigwe na jua, yasichelewe. Barafu hatukuwa nayo. Nilikata vipande vya mgomba vibichi, vile vinavyojaa maji, nikavipanga kuzunguka vikopo. Vilikaa baridi mpaka Masisi. Hilo sikulisoma popote. Mama yangu alikuwa akihifadhi maziwa hivyo.

Mama na baba walifariki nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Mimi ni wa kwanza, na nyuma yangu walikuwa wanne. Nikaacha shule, nikapata kazi ya kuosha sakafu na chupa katika kituo cha afya cha Nyabiondo. Mkuu wa kituo alikuwa muuguzi mmoja mzee, Papa Bahati, mtu mwembamba aliyevaa makoti mawili hata jua likiwaka. Siku moja walikuja madaktari kutoka Goma na utafiti wao. Walitaka kujua kwa nini watu wenye kidudu, ndivyo tulivyoita virusi vya ukimwi, waliokuwa tayari wanameza dawa zao kila siku, bado walikuwa wanakufa kwa magonjwa mengine: kifua kikuu, kuhara, malaria. Je, ni maji? Ni moshi wa nyumba zetu? Ni kubanana kambini kule Kitshanga? Walihitaji mtu wa kuwafikia wagonjwa hao nyumbani, kuwauliza maswali na kuchukua makohozi yao. Wakataka mwenye diploma.

"Mwenye diploma atapotea kabla ya kilima cha pili," Papa Bahati aliwaambia. Akaninyooshea kidole nikiwa na ndoo ya kudeki mkononi. "Huyu hakumaliza shule, lakini njia zote amezimaliza. Tena hasemi ya watu."

Ndivyo nilivyoanza kazi.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilikaa mbele ya mzee mmoja, nikafungua fishi yangu, yaani karatasi ya maswali, nikasoma kama ilivyoandikwa: "Katika siku kumi na nne zilizopita, ni mara ngapi kwa siku ulipata choo chepesi?" Mzee aliniangalia kwa muda mrefu.

"Dada, na weye unahesabiaka yako?"

"Hapana, Papa."

"Basi, uanze weye. Nitasikiliza."

Papa Bahati alipopata habari alicheka, kisha akanifundisha. Usikae juu kuliko mwenye nyumba. Usitoe kalamu kabla mikono yako haijafanya kazi ya nyumba ile. Wanapukuchua maharagwe, pukuchua. Wanamenya muhogo, menya. Mtu ambaye mmetia mikono katika kapu moja atakuambia habari za tumbo lake bila kuulizwa, na wewe utajaza fishi ukiwa njiani. Nimepukuchua maharagwe ya nusu ya Masisi, wanangu. Mpaka leo nikiona ganda mkono unakwenda wenyewe.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa siri. Majina hayakuandikwa; kila mtu alikuwa na nambari. Na nikiwa na nyumba moja ya kufika, nilipita tano. Niliingia kwa jirani wa kushoto, wa kulia, wa mbele, nikauliza habari za homa na vyandarua, nikapukuchua, nikacheka, ili mtu asiweze kusema nimekuja kwa nani. Kazi ya nusu saa ilichukua siku nzima. Watu waliniita "dada wa maswali", wakadhani naandika kila mtu. Mwaka mzima hakuna siri hata moja iliyotoka.

Kisha zikaja ndoo.

Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba maji yetu yalikuwa yanawaumiza watu wale. Basi ofisi ikatuma ndoo nzuri, nyeupe, zenye kifuniko chekundu na bomba dogo chini, pamoja na dawa ya kutibu maji. Moja kwa kila mshiriki mwenye kidudu. Mjue kwamba pale kwetu maji yote hukaa katika bidoni za manjano, yale madumu ya plastiki. Ukienda kisimani unaona manjano tu, kuanzia kwa mwalimu mpaka kwa mjane. Mimi, niliyekuwa napita nyumba tano ili kuficha moja, nilichukua ndoo zile nikazigawa kwa siku moja, mchana kweupe, kichwani, mbilimbili. Sikupita kwa majirani, kwa sababu majirani hawakuwa na ndoo. Nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa naimba.

Haikupita wiki moja, kila mtu alijua. Mlango wenye kifuniko chekundu ndio mlango wenye kidudu. Kisimani wenye ndoo walianza kuambiwa wachote mwisho. Papa Bahati aliposikia, alichukua ndoo iliyobaki akaiweka mlangoni kwake, akawa anakunywa hapo watu wakimwona.

"Papa, sasa wanasema na weye unayo," nilimwambia.

"Waseme. Kwa umri wangu iko sifa."

Aliweza kuwachekesha, lakini hakuweza kurudisha siri.

Aliyeumia zaidi alikuwa mama mmoja ambaye hapa nitamwita Mama Riziki. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari hii, akaniambia, "Tumia hilo jina, na useme kwamba nilikuwa muzuri." Basi ninasema: alikuwa mzuri, na kasiksi yake ilikuwa nzuri zaidi. Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa kwa majani, halafu unatia mtama uliokaangwa ili ichachuke. Kwetu watu hunywa kwa mrija mmoja wa tete, unaozunguka kutoka mdomo hadi mdomo, na kumkataa mtu kwenye mrija ni sawa na kumfukuza kwenye familia. Mama Riziki alikuwa mjane, na mtungi ule ndio uliomlisha yeye na binti yake Riziki. Ndoo ilipofika mlangoni kwake, wateja wakaja na vikombe vyao. Wiki iliyofuata hawakuja kabisa. Siku ya tatu ya kukaa peke yake na mtungi uliojaa, alifunga mzigo, akamshika binti yake mkono, akaondoka bila kumwambia mtu.

Wiki tatu baada ya kuondoka, majibu ya makohozi yake yalirudi kutoka Masisi. Papa Bahati alinionyesha karatasi: alama mbili za kujumlisha. Kifua kikuu, tena cha kuambukiza. Mtu mwenye kidudu na kifua kikuu kwa pamoja, bila dawa, hana miezi mingi. Na alikuwa analala chumba kimoja na mtoto.

Mama yangu alikufa akikohoa, na hakuna aliyewahi kutuambia ni kikohozi gani. Nilimwachia mdogo wangu anayenifuata ufunguo wa nyumba na unga, nikamwambia nakwenda kazini. Aliniuliza kazi gani inayohitaji jozi mbili za viatu. Watu walikuwa wamemwona Mama Riziki akishuka upande wa Walikale, msituni. Papa Bahati aliniandikia barua kwa muuguzi wa kule aliyesoma naye, akanipa koti lake moja.

Ilikuwa siku tatu, pikipiki pale penye njia na miguu pale pasipo. Sitawachosha na baryere. Sanduku lilikuwa tupu, nikaendelea kusema ni makohozi. Shida ilikuwa kufika. Walikale ni mji wa watu wanaopita: wafanyabiashara, wachimbaji, wakimbizi. Ningeweza kusimama sokoni na kuuliza, "Mumeona Mama Riziki wa Nyabiondo?" Swali la pili lingekuwa, "Kwa nini dada wa hospitali anamutafuta?" Na mimi ningekuwa nimembebea ndoo nyingine.

Hapa sikilizeni vizuri, hii ni kazi yenu. Mtu aliyekimbia hatafutwi kwa jina. Anatafutwa kwa kazi yake. Nilijiuliza: Mama Riziki anaweza kuishi bila nini? Bila mtungi hawezi. Ndizi zipo kila mahali. Lakini watu wa msitu wana pombe zao, na mtama haulimwi kule. Unaletwa. Basi sikuuliza habari za mtu. Niliuliza nani anauza mtama.

Walinipeleka kwa Papa Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi, sabuni na misumari, na picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Nilichukua mtama kidogo kiganjani, nikaupuliza.

"Huu mtama iko na mawe, Papa."

Alinyoosha mikono juu. "Na weye pia! Mama mumoja wa milimani anakujaka hapa kila siku ya soko, anasema vile vile. Anachagua punje kama anaoa. Nilimuambia: mama, nunua ao acha."

"Anapikia nini?"

"Kasiksi. Pale njia ya kwenda mutoni, nyumba ya shitingi. Muzuri sana, ile kasiksi. Lakini anakohoa, masikini."

Nilinunua mtama. Nikashika njia ya mtoni.

Nyumba ilikuwa ya miti na shitingi, yaani turubai la kambini, imefungwa pande zote kwa sababu ya mvua. Ndani kulikuwa na moto, moshi, mtungi, wanaume wanne kwenye ubao, Riziki pembeni anachambua majani, na Mama Riziki mwenyewe, amekonda, anakoroga. Aliniona. Hakuacha kukoroga.

"Umekuja na ndoo?"

"Hapana, Mama. Nimekuja na mtama."

"Afadhali. Ile yako niliitupa mu muto. Samaki wa Nyabiondo njo wanakunywa maji safi."

"Ndoo gani?" aliuliza mmoja wa wanaume.

"Mambo ya kwetu," alimjibu. Kisha akachukua mrija kutoka kwa yule mwanaume, akaunyoosha kwangu. "Karibu. Kunywa."

Mnajua mimi ni mtu wa kanisa. Nilikuwa naimba kwaya, sauti ya pili, na tangu kuzaliwa sikuwahi kuonja pombe. Yeye alijua.

"Mama, kanisa..."

"Kule kwetu wote walikuwa na sababu," alisema. "Mumoja tumbo, mumoja meno, mumoja kanisa. Weye ulikuja kwangu mwaka muzima. Ulipukuchua maharagwe yangu. Ulikunywa hata mara moja? Mrija wangu ulikuogopesha hata mbele ndoo haijafika."

Alikuwa ananiangalia machoni. Nilielewa kwamba nikikataa, ataondoka tena, na safari hiyo sitampata. Mrija haukunipa hofu hata kidogo. Nilikuwa nimewafundisha watu mara mia kwamba kidudu hakipiti kwenye kikombe wala mrija, wala kifua kikuu hakipiti hapo. Kilichonitisha kilikuwa ile hewa. Kifua kikuu hupita kwenye hewa iliyofungiwa, na ndani ya shitingi ile tulikuwa saba, naye anakohoa. Na sikuweza kulisema mbele ya wateja wake.

"Nitakunywa," nilisema. "Lakini humu moshi unaniua macho. Tutoke inje."

"Unakimbia."

Niliukumbatia mtungi, mzito kama ndama, nikautoa nje mwenyewe. Wanaume wakaufuata, wangeufuata hadi Kisangani. Riziki akatoka na ubao. Nikakaa pale penye upepo, nikachukua mrija ule ule uliotoka mdomoni kwa mama yake, nikafunga macho, nikavuta.

Kosa langu lilikuwa kuvuta kama maji. Hakuna aliyeniambia huvutwa kidogo kidogo. Mwanaume mmoja akasema, "Huyu wa kanisa atatumalizia." Mama Riziki alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika mti. Nilivuta tena. Baadaye waliniambia niliimba, sauti ya pili peke yake, wimbo mzima wa Pasaka. Mwalimu wangu wa kwaya mpaka leo hajui. Sasa atajua.

Wateja walipokwenda zao, tulikaa nyuma ya nyumba, nikamwonyesha karatasi. Kichwa kilikuwa kinazunguka lakini maneno yalitoka sawa. Alisikiliza. Swali lake la kwanza lilikuwa fupi.

"Na Riziki?"

"Atapimwa naye. Kama hana, kuna dawa ya kumukinga. Kama anayo, kuna dawa ya kumuponyesha. Na weye dawa ya kifua miezi sita, na dawa zako za kila siku usiache."

"Zilibakia za siku ine," alisema. Kisha akaongeza: "Kwa nini hamukuniuliza?"

"Kukuuliza nini, Mama?"

"Muliniuliza choo, muliniuliza moshi, muliniuliza nalala na nani. Ile ndoo mulileta bila kuniuliza. Mungeniuliza, 'Mama, tukikuletea hii, jirani atasema nini?' ningewaambia pale pale. Hata mutoto angewaambia."

Nilitoa fishi tupu mfukoni, nikaandika swali lake chini kabisa, kwa maneno yake. Nilipolipeleka ofisini, walilitia Kifaransa na kulinyoosha kidogo, lakini likabaki. Mkilikuta kwenye tableti zenu, swali la mwisho kabla hamjampa mtu kitu chochote, msiliruke. Ofisi ilipoleta vitu tena, zilikuwa bidoni za manjano.

Muuguzi wa Walikale alimpokea kwa barua ya Papa Bahati. Riziki alikutwa mzima, akapewa dawa ya kinga. Lakini muuguzi akamwambia Mama Riziki asikae na wateja kwa wiki mbili za kwanza, mpaka dawa zitulize kifua.

"Wiki mbili!" alilia. "Wataenda kwa mwingine. Nimeshapoteza wateja mara moja."

Basi nani aliuza? Mimi. Njia ya kurudi Nyabiondo ilikuwa imefungwa na mapigano, na hata kama isingefungwa, nilikuwa na deni lisilolipika kwa maneno. Wiki mbili, mwanakwaya mzima, nilikamua ndizi huku Mama Riziki amekaa mbali chini ya mti akinielekeza kwa kelele. "Kamua kwa nguvu, hauoshi mutoto! Mtama kidogo! Kidogo, nimesema!" Tulitoboa madirisha mawili kwenye shitingi. Ubao ukabaki nje. Wateja walilalamika kwamba kasiksi ilikuwa chungu, lakini walikuja kila siku, nadhani kuniangalia tu. Mmoja aliniomba uchumba.

Nilirudi kwetu njia ilipofunguka. Nilikuta wadogo zangu wamekonda kidogo na nyumba safi. Yule anayenifuata alikuwa ameongeza kufuli la pili. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kama kweli niliuza kasiksi, na nilipomwambia kweli, alicheka mpaka akanisamehe.

Miezi sita ya dawa ilipoisha nilikwenda tena Walikale, mimi mwenyewe, kuchukua makohozi ya mwisho. Mama Riziki alikuwa amenona. Alisimama nje asubuhi, kabla ya kula, akasukutua kinywa, akavuta pumzi kama alivyojua, akakohoa. Kikopo kikabaki kitupu. Akavuta tena, akainama, akapiga magoti, akajipiga kifua. Hakikutoka kitu. Mate tu.

"Jaribu tena, Mama. Maabara inataka makohozi."

"Nitoe wapi?" alisema, jasho likimtoka kwa juhudi. "Hakuna! Nenda uwaambie hakuna!"

Riziki alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua kikopo mkononi mwa mama yake, akakichungulia, akakigeuza juu chini, akakitikisa. Mama yake alianza kucheka, na safari hii alicheka mpaka mwisho, bila kukohoa.